Jiwe la Zambarau la Tabby

Kila jioni, baada ya kuchuma majani chai na mama yake, Chepngeno alivuta katoni kutoka mvunguni mwa kitanda na kupanga mawe yake. Kijiji kizima cha Kimulot hakikuwa na msichana mwingine aliyelala juu ya mawe kwa hiari yake. Yalikuwa mawe ya floraiti, madini yanayopitisha mwanga kama kioo, mengine ya kijani, mengine ya manjano kama chai nyepesi. Shangazi yake, Phelis, alikuwa mpishi katika mgodi wa bonde la Kerio, na alimletea moja kila alipokuja likizo.

Rangi ya zambarau tu ndiyo iliyokosekana. Hiyo alikuwa nayo rafiki yake Tabby, binti wa mwenye duka, aliyeachiwa jiwe na marehemu babu yake, aliyemwita guka. Siku ya wazazi ilipokaribia, Mwalimu Ogari aliwaambia wasichana hao wawili waandae meza ya kuonyesha mawe. Tabby akamwazima Chepngeno jiwe lake, akamsihi alitunze.

Chepngeno alilitunza kupita kiasi. Aliona lina uchafu, akaamua kulisafisha jinsi nyanya yake alivyosafisha kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Alilimwagia maji yanayochemka, akalisugua kwa nguvu, kisha akaliweka karibu na makaa likauke. Kibuyu hutoka hapo kikinukia vizuri. Jiwe lilipasuka vipande viwili.

Nyanya alipoingia jikoni na kumuuliza atamwambia nini Tabby, Chepngeno alijibu kwamba atasema ndama amelikanyaga.

"Huyo ndama amekukosea nini?" nyanya akauliza.

Chepngeno akaanza kulia, maana ndama alikuwa amefungwa nje tangu asubuhi, hana habari.

Kesho yake alimngojea Tabby kwenye lango la shule.

"Tabby, jiwe lako limepasuka. Ni mimi. Nililiosha na maji moto, nikaliweka kwa makaa."

Tabby alipokea vile vipande mkononi. "Hiki ndicho kitu pekee guka aliniachia," akasema.

Chepngeno alimpa katoni yake yote. Tabby aliikataa, akaingia darasani peke yake. Asubuhi hiyo ilikuwa ndefu na chungu kwa Chepngeno.

Wakati wa mapumziko wote wawili walimpelekea mwalimu vipande hivyo, wamuulize kama vingeweza kuungwa. Aliwaeleza kwamba floraiti haivumilii joto la ghafla. Kisha akainua kipande kimoja dirishani. Ndani kulikuwa na mistari ya zambarau na nyeupe, laini na ya kupendeza, ambayo haikuonekana jiwe lilipokuwa zima. Tabby alikichukua, akakigeuzageuza mkononi.

"Hata guka hakuwahi kuona hii," akasema polepole.

Siku ya wazazi, watu walijazana kwenye meza ya mawe kuliko nyingine zote. Nyanya alitazama mistari ile kwa furaha, kisha akamshika Chepngeno bega.

"Kitu cha mwenzako usichokijua, uliza kabla hujakiosha," alimwambia. "Na ukikiharibu, mwambie mwenyewe kama ulivyofanya. Ungemsingizia ndama, leo Tabby hangesimama hapa na wewe."

"Ndiyo, kogo," Chepngeno akajibu.

Wageni walipoondoka, Tabby alifunga nusu moja kwa kitambaa chake. Nusu ya pili aliiweka ndani ya katoni ya Chepngeno, kati ya jiwe la kijani na la manjano.

"Hii ni yako," akasema. "Lakini usiioshe."