Marehemu Apiga Simu Redioni

"Zima hiyo redio! Tangu asubuhi wimbo mmoja tu, mpaka kuta zimeukariri!"

"Redio gani, jirani? Mimi sina redio."

"Usinifanye mtoto. Huo si ule wimbo wa filamu wa mume wangu?"

"Ndio wenyewe. Ila anayeimba ni mimi, hapa hapa kwenye cherehani."

Mke wa Shaba akasogea karibu, beseni la nguo kiunoni. Sisi wa uani tukaacha kufua. Fundi cherehani alikuwa mgeni kwetu, mpole, wa salamu na kushona tu.

"Mwimbaji wa wimbo ule alikufa," mke wa Shaba akasema taratibu. "Mume wangu aliniambia."

"Aliniua kwa homa au kwa ajali?"

"Homa."

"Afadhali. Ajali ingeniharibu sura."

Tukaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Mji mzima ulikuwa na habari ya kanda ya wimbo ule. Ilikuwa jazi iliyorekodiwa kwa ajili ya filamu ambayo haikutoka, ikasahaulika stoo mpaka mtangazaji mmoja akaifukua. Sauti ile ni ya nani? Na kwa nini katikati ya wimbo sauti na saksafoni vinakatika pamoja, linabaki gitaa la besi peke yake? Shaba, mpuliza saksafoni, alikuwa amealikwa redioni mchana ule akajibu.

"Kwa hiyo umemfuata mume wangu mpaka hapa?"

"Nimefuata jina langu. Aliniambia kanda imeungua, filamu imekufa, anasafiri na bendi, akirudi tunafunga ndoa. Nimengoja mpaka mvi. Leo asiponitaja, atanitambua."

"Atakutaja, kama unasema kweli."

"Lete redio yako basi, tumsikilize wote."

Ikaletwa. Uani kukajaa, hata wasiotuhusu.

"Mzee Shaba, wimbo huu alitunga nani?" mtangazaji akauliza.

"Mimi. Aliyeimba ni mchumba wangu, marehemu. Namlilia mpaka leo."

"Na kile kimya?"

"Usanii tu, kijana. Nilikipanga mwenyewe."

Fundi akachukua simu yake, akapiga.

"Tuna msikilizaji hewani. Nani mwenzetu?"

"Marehemu."

"Samahani?"

"Shaba, mpenzi, pole na msiba."

Redioni kikasikika kiti kikiburuzwa.

"Mtangazaji, tulipiga muziki ule huku picha ikipita ukutani, hakuna kurudia. Mwigizaji kwenye picha alipofungua dirisha, Shaba akaweka saksafoni chini, akanivisha pete. Furaha ikanikaba koo, mjinga mimi! Ubeti uliokuwa hapo sikuuimba. Kama yeye ndiye aliyetunga, autaje."

"Mzee Shaba?"

"Ni zamani... nimesahau."

"Mimi sijasahau."

Akauimba wote. Sauti ni ile ile, imekomaa tu.

"Mama," mtangazaji akasema, "tukutangaze kwa jina gani?"

Akataja jina lake kamili, polepole, akalirudia, wasije wakalikosea. Kisha:

"Na ile pete, Shaba? Ulisema unaipeleka kwa sonara ikapunguzwe. Jiwe la kijani, lina ufa pembeni."

Mke wa Shaba akatazama kidole chake. Sote tukakitazama. Akaipaka sabuni ya kufulia, akaivuta mpaka ikachomoka, akaiweka juu ya cherehani.

"Chukua yako."

"Siitaki, mwenzangu."

"Wala mimi."

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya mke wa Shaba. Akatusomea kwa sauti:

*Mke wangu usimsikilize huyo kichaa. Nakuja.*

Akajibu: *Njoo. Nguo zako ziko nje.*

Shaba alifika ameshika sanduku la saksafoni, sisi tumejipanga ukutani kama tuna tiketi.

"Mke wangu, tuzungumze ndani."

"Ndani kwa nani?"

Shaba akamgeukia fundi. "Wewe nilikupenda kweli. Wimbo ule..."

"Najua. Ukanipenda mpaka ukanizika."

Fundi akafungua mlango wake. Harufu ya chakula ikatoka. Shaba, mwanaume asiye na haya, akanyanyua mguu.

"Si wewe."

Akamshika mke wa Shaba mkono, ungali na mapovu.

"Mwenzangu, umefua nguo za huyu siku nzima, hujatia kitu tumboni. Ingia, tule."