Mteja wa Mstari wa Arobaini na Moja

Kiti cha kona kilikuwa na joto. Aimée alikigusa ili akipandishe mezani apige deki, saa mbili asubuhi, mlango wa baa ukiwa haujafunguliwa bado, akahisi kiganjani joto la mtu aliyeketi muda mrefu na kuinuka sasa hivi. Chini ya kiti palikuwa na maji kidogo yaliyonuka ziwa.

Aliyapangusa, akajiambia ni mambo ya nyumba kuukuu. Na kweli baa ya Kwa Adalbert, kule Ibanda kando ya ziwa, haikuwa nyumba ya juzi. Mbelgiji aliyeipa jina lake aliijenga baada ya kuvunja mwamba wa ufukweni ambao watu walikuwa wakiupita kimya kimya, wakisema una mwenyewe. Wazungu walicheza dansi humo hadi wakaondoka, wanajeshi wa Zaire wakaja kuvunja viti, vita vikapita, na kaunta ya mbao ngumu ya libuyu ikabaki palepale. Ndiyo maana mwezi uliopita serikali iliiandika baa hiyo kuwa patrimoine, urithi wa nchi. Chochote kilichoandikwa kwenye orodha yake hakitoki tena.

Karani aliyeletwa kuandika orodha aliitwa Cyprien. Alihesabu viti, vioo, taa, hata misumari ya kutundikia kofia, huku Aimée, msimamizi wa baa, akiosha glasi na kuupa ukumbi mgongo. Kwenye mstari wa arobaini na moja karani aliuliza:

"Ule muzee wa kwa kona, nimuandike naye?"

Aimée alidhani anamsema Papa Lucien, mnywaji wa kila siku. Alicheka bila kugeuka. "Muandike tu. Ule ni patrimoine kupita hata kaunta."

Kisha alifanya kama tunavyofanya sote mbele ya makaratasi: aliandika kwa mkono wake lu et approuvé, yaani nimesoma na nimekubali, akatia sahihi. Hakuwa amesoma hata neno moja.

Sasa, Ijumaa hii ya kiti chenye joto, Papa Lucien alipokuja kunywa alimwambia kwamba siku ya karani yeye alikuwa Cimpunda, kwenye kilio cha shemeji yake. Basi mzee aliyeandikwa hakuwa yeye. Jumapili binti yake Chancelle, aliyelelewa na bibi yake huko Mumosho, angepokea komunyo ya kwanza, na mama alikuwa amemwapia kwamba atakaa benchi la mbele. Aimée, aliyelala chumba cha nyuma na hakuwa ametoka tangu siku ya karani, aliona heri aondoke leo leo. Alibeba mfuko, akafungua mlango, akavuka kizingiti, jua likampiga usoni, na kabla hajashusha pumzi akajikuta nyuma ya kaunta, kitambaa mkononi, mbele yake glasi ya bia ambayo hakukumbuka kuimimina. Wateja waliingia na kutoka kama kawaida yao, yeye tu ndiye aliyerudishwa, akajaribu mlango wa nyuma, akajaribu dirisha la jikoni hadi goti likachanika, na kila mara ilikuwa kaunta, kitambaa, glasi, na harufu ya ziwa ikizidi kumkaribia, na kule kona kiti kikilia kama kinavyolia mtu mzito anapogeuka kutazama nani anayechelewa kumhudumia.

Jumamosi alimpigia simu Mwalimu Yunus, mtu wa Uvira aliyesifika kwa kuondoa majini, ambaye maishani hakuwahi kukanyaga baa. Mzee wa watu alisimama mlangoni akavua viatu, kisha akavivaa tena kwa kutojua adabu ya mahali pale. Aliingia, akafungua kitabu chake cha dua, akasoma kwa sauti ya chini mpaka glasi zikaanza kutetemeka rafuni. Ndipo kona ikajibu, kwa sauti ya mtu mwenye maji kooni.

"Niliingiaka kukunywa moja tu. Miaka yote naingia, natoka. Sasa muliniandika. Siwezi toka, na mwenye kunihudumia naye hatatoka."

Yunus alifunga kitabu. "Maman Aimée," alinong'ona, "huyu mimi simwezi. Amefungwa kama wewe. Mtafute mwenye karatasi."

Cyprien alifika Jumapili asubuhi, amevaa suti ya misa, ana haraka. Hakuamini wala hakubisha, ila alieleza kwamba jumla ya vitu ilikwishapigwa muhuri huko juu.

"Hesabu haipunguke, maman. Nitatoa ule muzee, niweke kitu ingine kwa ligne yake ya arobaini na moja."

Aimée alimwambia aweke chochote. Kengele za kanisa zilikuwa zinalia. Karani alitazama ukumbini, akitafuta kitu kisichoondoka humo siku yoyote, akaandika, akagonga muhuri, akampa kalamu. Lu et approuvé. Sahihi. Naye karani akakimbilia misa yake.

Kiti cha kona kilisukumwa nyuma. Hatua nzito, zenye maji, zilipita mbele ya kaunta, mlango ukafunguka, ukafungwa, na harufu ya ziwa ikaisha. Aimée alilia kwa furaha. Alibeba mfuko wake, akavuka kizingiti.

Kaunta. Kitambaa. Safari hii glasi haikuwapo, ilikuwapo karatasi tu. Aliisoma polepole, kwa mara ya kwanza, hadi mstari wa arobaini na moja: Gérante, yaani msimamizi, mmoja. Mahali pake: nyuma ya kaunta.

Saa saba mchana Chancelle alitokea mlangoni na gauni lake jeupe, viatu vimejaa matope ya Mumosho. Bibi yake alikuwa bado anashuka kwenye pikipiki.

"Maman, misa ilishaisha. Tulikungoja. Toka twende."

"Niko nakuya, mama yangu," alisema Aimée, na mikono yake ilikuwa tayari inapangusa glasi. "Ukae kwanza inje. Usiingie humu."

Chancelle aliketi kwenye ngazi, akalikunja gauni lisichafuke, akangoja.