Kibanda cha Njano

Jumapili ile jua lilikuwa la kawaida tu, la kuwatoa watu majumbani. Bustani ya burudani iliyo katikati ya jiji ilikuwa imejaa: watoto wanagombania vigari vya kugongana, wapenzi wamepanga foleni ya boti za bwawani, harufu ya bisi inawafuata wapita njia hadi barabarani. Juu ya yote lilisimama gurudumu kubwa lenye vibanda vya rangi rangi, ambalo ukilipanda unaliona jiji zima limetandazwa chini kama mkeka.

Aliyeliendesha ni jirani yangu, mtaani tulimwita Breki. Haya ndiyo yaliyomkuta, na sina ubavu wa kumhukumu. Ni nani kati yetu hajawahi kunyamaza penye haki ili tonge lake lisianguke?

"Breki, leo uso kama umelamba ndimu," muuza maputo alimtania.

"Uza maputo yako."

Hakuwa na utani siku hiyo. Gurudumu lilikuwa linafunguliwa kwa mara ya kwanza tangu Fundi afe.

Fundi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Ndiye aliyemtafutia kazi, akamfundisha kila nati. Mchana wakipumzika, Fundi alipenda kukaa ndani ya kibanda cha njano, kajibana upande mmoja ili kuliachia nafasi sanduku lake la vifaa, anajifuta grisi vidoleni.

"Gurudumu ni mizani, shemeji," alikuwa akisema. "Umeme ukikatika usihangaike. Legeza breki tu. Upande mzito utashuka wenyewe."

Ikaja sikukuu. Fundi yuko juu anapaka grisi, foleni imefika getini. Meneja, mtu wa tumbo na haraka, akamsogelea Breki na kumnong'oneza:

"Washa."

"Shemeji bado yuko juu, bosi."

"Atashikilia. Washa, au nimtafute anayejua kuwasha."

Breki akabonyeza.

Polisi walipokuja, Meneja alisema marehemu alipanda amelewa. Breki alipoulizwa, akasema ni kweli, hata yeye alimsikia akinuka pombe. Mtu wa ibada yule, ambaye tangu azaliwe hakuonja hata tone! Uongo ukatoka getini, ukaingia mtaani, ukafika mpaka shuleni, na wanawe wakawa wanaitwa watoto wa mlevi. Dada mtu alimwuliza mara moja tu: "Ni kweli, mdogo wangu?" Akaitikia huku anatazama sakafu.

"Basi," dada akasema. "Mungu ameona. Na marehemu mwenyewe ameona."

Hakumsemesha tena.

Tangu mazishi, gurudumu likiwa limefungwa, Breki alikuwa akifika asubuhi kulikagua, na kila asubuhi alikikuta kibanda cha njano kiko chini. Jioni anaacha cha kijani hapo, au cha bluu. Asubuhi ni cha njano, mlango umemwelekea yeye.

Hakumwambia mtu.

Basi Jumapili ile watu walilizunguka gurudumu, lakini hakuna aliyepanda. Meneja akachukua kipaza sauti. "Mnaogopa nini? Haya, napanda mwenyewe!" Akajipenyeza kwa shida ndani ya kibanda chekundu.

"Likimbeba huyo lisivunjike, halivunjiki tena," alisema muuza maputo, na watu wakaangua kicheko. Breki akafunga komeo kwa nje, kama ilivyo kanuni. Vibanda vingine vyote vilikuwa vitupu.

Gurudumu likazunguka. Meneja akapunga mkono, akapanda, akapanda, mpaka akafika kileleni kabisa. Hapo umeme ukakatika. Muziki ukafa. Vigari vya kugongana vikasimama.

"Tulieni, anashuka sasa hivi," Breki akawaambia watu, akalegeza breki. Juu kuna mtu mnene. Chini hakuna mtu. Lazima ashuke.

Gurudumu halikusogea.

Breki akatazama mbele yake. Kibanda cha njano. Kitupu. Lakini kilikuwa kimelalia upande mmoja, kama mtu amejibana humo, ameliachia sanduku nafasi.

Akakisukuma kwa mabega. Kikainuka kidogo. Kisha kikarudi chini, taratibu, kama mtu anayejiketia vizuri. Harufu ya grisi mbichi ikampiga usoni.

"Breki!" Sauti ya Meneja ilitoka juu, imekuwa nyembamba. "Nani huyo amekaa humo chini? Mbona ananitazama?"

Kicheko kikakatika.

Breki akageuka, akakutana na macho ya dada yake. Alikuwa amesimama kwenye uzio, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Hakuna aliyemwita.

"Kinachomzuia unakijua, mdogo wangu," alisema polepole.

Breki akamung'unya maneno: "Hakuwa amelewa, dada."

"Kwa sauti. Uongo uliusema kwa sauti."

Kule juu Meneja akapiga kioo kwa ngumi. "Nyamaza wewe! Tutakwisha wote! Alikuwa mlevi! Alikuwa mle…"

Neno halikumalizika. Lilizibwa.

Breki akapiga magoti hapo hapo kwenye sakafu ya bati. "Hakuwa mlevi!" akapiga kelele mbele ya umati wote. "Bosi alisema niwashe, nikawasha! Nilijua yuko juu! Nilijua!"



Gurudumu likasogea.

Umeme haujarudi. Mkono wa mtu haujaligusa. Kibanda cha njano kikapanda, chekundu kikashuka, bila haraka, bila mlio, kikasimama mbele ya Breki. Komeo lilikuwa limefungwa kwa nje, vilevile alivyolifunga. Akalifungua.

Meneja alikuwa hai. Amekaa wima, macho yamemtoka. Kinywa chake kilikuwa kimejazwa grisi, imeshindiliwa mpaka midomoni, imesawazishwa vizuri, kama fundi anavyojaza beringi.

Mikono yake ilikuwa safi. Shati lake jeupe halikuwa na doa hata moja.

Hospitali waliitoa grisi yote. Sauti haikurudi.

Breki alikwenda polisi kwa miguu yake akarudia maneno yale yale, na sasa anangoja hukumu yake kwa woga wa haki. Shuleni, ile "mlevi" imekwisha. Wiki iliyopita alijikaza akaenda kwa dada yake. Mlango ukafunguliwa. Dada hakutabasamu, ila alimsogezea kiti.

"Umekula?"

"Nimekula, dada," akajibu. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Ilikuwa aibu tu, ule uongo mdogo ambao mgeni yeyote husema.

Dada akamwekea chai katika kikombe cheupe. Breki akanywa funda moja, akakiweka mezani.

Ukingoni mwa kikombe palikuwa na alama ya midomo yake, nyeusi, inang'aa. Akaigusa kwa kidole. Akanusa.

Dada alikitazama kikombe kile kwa muda mrefu. Akainuka, akaenda kumpakulia chakula.