Nani Amesema Mfarishi Wangu Umekwisha?

"Mama, hebu nitazame. Hapa nilipo, nashona au nimemaliza?"

"Unashona."

"Basi watu wote wananipa hongera ya kumaliza."

Binti yangu Happiness alikuwa amekaa mkekani, mfarishi umemfunika kuanzia magotini mpaka vidoleni, sindano mkononi. Ubavu mzima wa kulia ulikuwa bado haujapindwa, pamba inachungulia nje. Simu ikaita tena. Alikuwa shoga yake Judith, yuko Morogoro mjini, sisi tuko Nyandira huku juu mlimani.

"Hepi, hongera mwaya! Yaani umemaliza hata huniambii? Halafu unampa mheshimiwa! Sasa hivi tutakusalimia kwa miadi."

"Nampa nani nini?"

"Mfarishi. Si umeandika mwenyewe kwenye blogu yako?"

"Judith, nisomee."

Judith akasoma, mimi nimetega sikio huku: "Leo nimemaliza mfarishi wangu. Kila kipande ni shukrani ya watu wa Uluguru kwa mgombea wetu mpendwa. Jumamosi nitamkabidhi kwa mikono yangu miwili."

Hepi akatazama mikono yake miwili. Akanitazama mimi.

"Mama, nani ameandika hivi?"

Ndugu zangu, hasa kina mama wenzangu wenye mabinti, nawaandikia haya mjihadhari. Mimi nimeishia darasa la saba, nikiruka nukta mtanisamehe, lakini jambo lenyewe nimeliona kwa macho yangu.

Mfarishi ni lile blanketi kubwa la kuunga vipande vya vitambaa. Juu vipande, katikati pamba, chini shuka, halafu unapitisha uzi tabaka zote zishikane. Huku kwetu mwezi wa sita baridi inauma mpaka meno, na Hepi alikuwa anaushona uwe wa kitanda chake cha ndoa. Ila aliuwekea sharti. Ukimpa kipande cha kitambaa, unampa na neno. Siyo neno la mapenzi, la! Neno la nchi. Maji unayaonaje, barabara unaionaje, hawa tunaowapigia kura unawaonaje. Anashona kipande chako, anakipiga picha, anaweka kwenye blogu yake ya ushonaji, chini anaandika neno lako kama ulivyolisema, kisha anaongeza la kwake.

Bibi Ester jirani yetu alitoa kipande cha shuka la marehemu mumewe. Neno lake: "Barabara yetu huchimbwa mwaka wa uchaguzi. Mwaka unaofuata tunapanda mchicha kwenye mtaro." Halidi muuza nyama wa mjini alitoa ncha ya kanzu: "Atakayeniletea maji nitampa kura. Atakayeniletea fulana nitampa asante."

Watu walikuja kutazama mishono wakabaki kubishana. Mimi roho juu.

"Mwanangu, shona tu. Siasa itakuponza."

"Mama, simtukani mtu. Nauliza."

"Hata kuuliza kuna watu kumewaponza."

Na huyo mchumba wake, Yeremia, alikuja kwa njia ya blogu hiyohiyo. Alikuwa fundi simu mjini. Siku ya kwanza aliandika ubishi: "Dada, nyie mnalima mpaka ukingoni, udongo unaporomoka, halafu mnalia barabara. Gawaneni lawama na serikali." Hepi akawaka, akamjibu. Naye akajibu. Wakaenda hivyo, wiki kwa wiki, hadi Jumapili moja tunamwona kijana amesimama uani, tope limempata mpaka masikioni.

"Shikamoo mama. Naitwa Yeremia. Nimekuja kuiona hiyo barabara."

Hepi akatoka ndani. "Umeionaje?"

"Pikipiki imetuangusha mara mbili. Uko sahihi nusu."

"Nusu ipi?"

"Nusu niliyoangukia."

Binti yangu alicheka siku hiyo hadi akakaa chini. Nikawapikia viazi na njegere. Kijana alikula, akabishana, akaomba aongezwe. Nilimpenda, sitaki kudanganya. Posa ilipokuja, kaka yangu Kasiani aliipokea kwa moyo mweupe, maana kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo neno.

Kisha uchaguzi ukakaribia. Yeremia akapata kazi kwenye timu ya mgombea ubunge, mambo ya mitandao. Akaanza kuja na mashati yaliyopigwa pasi. Akamwambia Hepi:

"Mtandao wa huku kwenu wa kubembeleza. Nitumie picha tu, nipe na neno la siri la blogu, nitakuwa nakuwekea mimi. Wewe shona."

Hepi akampa. Ukimpenda mtu unamnyimaje?

Sasa turudi siku ile. Hepi akampigia.

"Yere, kuna mtu ameingia kwenye blogu yangu, ameandika ujinga."

"Eeh? Watakuwa wadukuzi, mpenzi. Usiguse kitu, nitaangalia."

Simu ikakatika. Nikamuuliza, "Hepi, mlango huo una funguo ngapi?"

"Mbili. Wangu na wa Yeremia."

"Mh."

"Mama, usigune."

"Sijaguna. Nimepumua."

Hatujakaa sawa, hodi. Bibi Ester na fimbo yake.

"Shikamoo bibi."

"Kaa na shikamoo yako. Mjukuu amenisomea. Shuka nililomfunikia mume wangu umempa nani?"

"Sijampa mtu, bibi. Mfarishi huu hapa, ushike."

Bibi akapapasa vipande kimoja kimoja kwa vidole, mpaka akakifikia chake. Akakaa.

"Na neno langu lipo?"

Hepi akafungua blogu, mtandao ukazunguka wee, mwisho ikafunguka. Nikaona uso wake unabadilika.

"Kunani?" nikauliza.

"Limebadilishwa. Limeandikwa: Barabara yetu imechimbwa. Tunashukuru sana."

"Mchicha uko wapi?" bibi akauliza.

"Mchicha umeondolewa, bibi."

"Na la Halidi?"

Hepi akatafuta. "Fulana nimepata. Asante."

Bibi Ester akacheka kicheko kisicho na furaha. "Huyo mdukuzi wenu ana adabu sana. Nimeona wezi wengi umri huu, sijaona anayeingia kwa watu, anaiba, halafu anaacha shukrani."

Jioni ikaja meseji. Hepi alinipa niisome mwenyewe: "Mpenzi, Jumamosi saa nne tunakuja hapo nyumbani na mheshimiwa kuchukua mfarishi. Mpiga picha atakuwepo. Usiongee mengi, wewe tabasamu tu. Mengine nitakueleza."

Akapiga hapohapo, akaweka sauti nje.

"Ni wewe."

Hepi akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Yeremia."

"Hepi, nimefanya kwa ajili yetu. Akishinda, mimi ndiye msaidizi wake. Tutatoka. Hutaki tutoke?"

"Umebadilisha neno la bibi Ester."

"Nimelipunguza makali."

"Umelipunguza mpaka limekwisha."

"Mpenzi, tunagombana kwa sababu ya blanketi?"

Hepi akauvuta mfarishi magotini. Kisha akasema taratibu:

"Wewe uliwahi kupanda mlima huu kwa ajili ya ubishi mmoja tu. Sasa panda tena. Jumamosi njoo na mheshimiwa wako. Mbele yake, mbele ya mjomba na bibi Ester, sema: mimi Yeremia ndiye niliyeandika. Ukisema hivyo, nakusamehe yote na harusi ipo palepale."

"Unataka nifukuzwe kazi?"

"Nataka niolewe na mtu."

"Na nisiposema?"

"Utakuwa umesema."

Mama wenzangu, zile siku za katikati sikulala vizuri. Nikipalilia kabichi nawaza, atasema? Nikichota maji, atasema? Nilimuuliza Hepi mpaka nikamchosha.

"Unadhani atasema?"

"Sijui, mama. Na mimi natamani kujua kama wewe."

Jumamosi wakaja. Gari liliwashinda pale chini kwenye bonde, wakamalizia kwa miguu, mheshimiwa mwenyewe viatu ameshika mkononi. Mama wa makamo, mwili umejaa, anahema. Nyuma yake mpiga picha, na Yeremia amebeba mkoba. Kasiani alikuwa kwenye kigoda. Bibi Ester hakualikwa, lakini alikuja kabla ya wote.

Tukasalimiana. Mheshimiwa akauona mfarishi umetandikwa kwenye benchi, akapiga makofi.

"Jamani! Binti, una mikono ya dhahabu. Asante sana kwa zawadi."

"Shikamoo mama," Hepi akasema. "Karibu sana. Lakini sijakupa."

Mpiga picha akashusha kamera.

"Hujanipa? Kwenye mtandao umeandika..."

"Aliyeandika yupo hapa. Atasema mwenyewe."

Sote tukamgeukia Yeremia. Jasho limemtoka, na huku kwetu hakuna joto. Nikawa nasema moyoni, sema baba, sema mwanangu, sentensi moja tu. Akafungua mdomo. Akamtazama Hepi. Akamtazama mheshimiwa.

"Mheshimiwa, samahani. Mwenzangu amechoka kidogo. Unajua maandalizi ya harusi..."

"Mimi sijachoka," Hepi akasema.

Mheshimiwa akainama, akashika kipande cha shuka. "Hiki ni cha nani?"

"Changu," bibi Ester akajibu. "Na neno lake halikuwa la shukrani. Nilisema barabara yetu huchimbwa mwaka wa uchaguzi, mwaka unaofuata tunapanda mchicha kwenye mtaro. Hapo ulipopita umekanyaga mchicha wangu."

Mheshimiwa akatazama miguu yake. Kicheko kikamponyoka, kisha kikamkauka. Akageuka.

"Yeremia, wewe ulinionyesha maneno ya watu hawa wananisifu. Nimeyasoma jukwaani mbele ya watu. Nani aliyaandika?"

Hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya pili, ndugu zangu. Mungu akupe nini tena?

"Ni timu, mheshimiwa," Yeremia akasema. "Timu ya mitandao. Kazi tunafanya kwa pamoja, siwezi kusema ni mtu mmoja."

"Timu," Hepi akarudia.

"Hepi, elewa..."

"Mjomba, mimi nilichumbiwa na Yeremia. Sikuchumbiwa na timu. Timu ikinishindisha njaa nitamlilia nani? Ikinisaliti nitamuuliza nani? Watakuwa wamefanya kwa pamoja!"

Mpiga picha aligeukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mimi nilikuwa nalia.

Kasiani akasimama. Si mtu wa maneno mengi.

"Kijana, nilikupokea kwa sababu ulikuja na tope na ukabishana na mtoto wangu uso kwa uso. Huyu wa leo simjui. Waambie wazee wako waje, tuyamalize kwa heshima. Ndoa haipo."

Yeremia akaweka mkoba wa watu chini, kama anataka kusema kitu. Kisha akauokota.

Mheshimiwa aliondoka bila mfarishi. Pale mlangoni akamwambia Hepi, "Maneno ya watu yaandike kama walivyosema. Na mimi niandike: gari limenishinda, nimefika kwa miguu."

"Kitambaa chako kiko wapi?" bibi Ester akamuuliza. "Hapa neno bila kitambaa halipokelewi."

Mama wa watu akafungua leso aliyofutia jasho, akaitoa.

"Tutaona," bibi akasema, wala hakumsindikiza.

Hepi alibadilisha neno la siri siku hiyohiyo. Akarudisha mchicha wa bibi Ester, akarudisha maji ya Halidi, kila mtu na lake, na juu kabisa akaandika: "Aliyekuwa akiandika humu siku za karibuni si mimi. Nilimpa ufunguo kwa mapenzi. Mfarishi haujakwisha na hauna mheshimiwa." Wiki iliyofuata alikaa na ule ubavu wa kulia, akaupinda, akapitisha uzi wa mwisho. Aliukunjua, ukajaa chumba chote. Alilala nao peke yake, na mvua ilinyesha.

Kijijini wakasema mama Hepi ameachia bahati, binti amekataa mtu wa ofisini kwa ajili ya mchicha. Semeni. Mimi nawaambia hivi: anayempenda binti yako hamfungi mdomo, akaazima sauti yake akaisemeshe kwa wakubwa. Mwenye kubishana naye usimwogope. Mwogope anayemwambia tabasamu tu.

Juzi tukiwa tunachambua njegere, meseji ya Yeremia ikaingia: "Hepi, nimeacha ile kazi. Nimekukosea, nakupenda. Nipe nafasi."

Moyo wangu uliruka, nakiri. Hepi akafuta mikono kwenye kanga, akaandika, akanisomea alichoandika: "Sitaki unisifu wala uniombe. Yale uliyofanya, wewe mwenyewe unayaonaje? Niambie neno lako."

Tukasubiri. Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika. Nikaacha njegere, nikasogea, shingo ndefu. Meseji ikaingia:

"Unataka niseme nini?"

Hepi akaigeuza simu kifudifudi, akavuta bakuli la njegere.

"Mjibu basi mwenzio," nikamwambia.

"Nimjibu nini, mama? Hajasema kitu."