Kioo Kipya cha Laptopu ya Safaa

Mwatum na mumewe Ame wanaishi Micheweni, kaskazini ya Pemba. Mwatum analima mwani. Ame ni fundi muashi. Mara nyingi yuko Unguja, anajenga nyumba za watu. Hurudi nyumbani baada ya miezi mitatu au minne.

Walikuwa na mtoto mmoja, Safaa. Alikuwa anasomea ualimu. Tangu utotoni alikuwa na selimundu, maradhi ya damu. Mwezi wa Rajabu maradhi yalimzidi. Alifariki alfajiri, akazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Ame alipigiwa simu akiwa juu ya jengo. Boti ya siku ile ilikuwa imeshaondoka. Alifika kesho yake, akaonyeshwa kaburi.

Simu ya Ame ni ndogo, ya vitufe. Haina picha hata moja ya mwanawe. Picha za Safaa zilikuwa ndani ya laptopu yake. Lakini siku ya msiba watu walikuwa wengi. Vitu vilihamishwa kwa haraka, na mtu akaweka sanduku juu ya laptopu. Kioo kikavunjika.

Ame aliipeleka mjini kwa fundi, ikatiwa kioo kipya. Pale kwa fundi kiliwaka vizuri. Ame akarudi na gari, laptopu ameipakata. Alipoifungua mbele ya mkewe, kioo kilikuwa cheusi.

Alibonyeza kitufe mara nyingi. Kisha akaacha.

"Nilitaka kumuona tu," alisema. "Nikifumba macho namuona mdogo, yule wa skuli ya msingi. Huyu mkubwa simuoni, Mwatum. Haji."

Mwatum alimshika mkono.

Ame alimpigia simu fundi. Fundi alisema, "Huenda kompyuta yenyewe ina kasoro. Irudishe kesho. Nitafuta kila kitu, niianze upya."

Asubuhi Ame aliifunga laptopu kwenye kanga. Lakini lile neno "nitafuta" lilikuwa limemkosesha Mwatum usingizi. Alikwenda kwa jirani yao Mardhiya, mwalimu wa kompyuta katika skuli ya sekondari. Mardhiya alikuja pale pale.

"Assalaamu alaykum, ami Ame. Kabla hujaondoka, niruhusu niitazame."

"Waalaykumu ssalaam. Itazame, mwalimu. Fundi anasema atafuta vilivyomo."

"Usikubali, ami. Akifuta, picha huenda zisipatikane tena. Kioo ni cha kuonyesha tu. Picha ziko huku chini, kwenye diski. Kioo kikivunjika, picha hazivunjiki."

Mardhiya aliiwasha, akatega sikio. "Feni inazunguka. Taa ya chaja inawaka. Kompyuta ina uhai."

Kisha akamulika kioo kwa tochi ya simu, kwa upande. "Ingekuwa ni taa ya ndani ya kioo iliyokufa, tungeona picha hafifu. Sioni kitu. Twendeni kwangu, nina televisheni."

Kwa Mardhiya, waliiunganisha laptopu na televisheni kwa waya. Baada ya muda mfupi televisheni ikaonyesha picha ya mwanzo ya laptopu: mwani ulioanikwa juu ya majani ya mnazi.

"Hapo ni kwetu," alisema Mwatum kwa sauti ndogo.

"Basi kompyuta ni nzima," alisema Mardhiya. "Kasoro iko kwenye kioo au kwenye waya wake. Lakini kwanza tuzihifadhi picha, ndipo niifungue."

Alichomeka flashi, akanakili kila kitu. Kisha akaizima laptopu, akachomoa chaja, akafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi na kuchomoa betri.

"Mbona unachomoa na betri?" aliuliza Ame.

"Nikigusa waya wa kioo na umeme umo ndani, naweza kuunguza kompyuta. Mafundi wengi hawajali hili."

Alibandua fremu ya kioo polepole. Nyuma ya kioo palikuwa na waya bapa. Ncha yake ilikuwa imekaa upande.

"Ona, ami. Haikuingia sawasawa. Kwa fundi iligusa kidogo, ikawaka. Njiani ikatikisika, ikalegea."

Aliichomoa, akaichomeka ikiwa imenyooka, akabandika selotepu juu yake. Hakurudisha fremu. Alirudisha betri kwanza, akawasha. Kioo kikawaka. Mardhiya akakifunua na kukifunika mara kadhaa, na mwanga haukukatika. Ndipo akafunga vyote.

Halafu akafungua picha.

Safaa alikuwa na wenzake chuoni. Safaa alikuwa mbele ya watoto, chaki mkononi. Ame alisogeza kiti. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Ikaja picha ambayo Safaa alikuwa amekaa kitandani, amekonda. Bendeji ilikuwa imefungwa mkononi mwake. Alikuwa anatabasamu.

"Hii ya lini?" aliuliza Ame.

Mardhiya alisoma tarehe. Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya mauti.

"Mwezi ule nilizungumza naye kila Ijumaa," alisema Ame. "Akisema hajambo."

Mwatum aliinamisha kichwa. "Alinikataza nisikwambie. Alisema utaacha kazi uje."

"Ningekuja."

"Najua. Na yeye alijua. Nisamehe, Baba Safaa."

Ame aliitazama tena ile picha. Mwisho akasema, "Umemuuguza peke yako."

Mwatum alilia, kwa mara ya kwanza mbele ya mumewe tangu Safaa afariki.

Mardhiya aliwapa flashi. "Msiweke picha mahali pamoja tu," alisema. "Hii ikae mbali na laptopu. Nami nitabaki na nakala, mkiridhia."

"Tumeridhia," alisema Mwatum.

Siku ya pili Ame alikwenda mjini kuchapisha picha moja ya kuweka ukutani. Mwenye duka la picha alimfungulia zote zilizomo kwenye flashi. Akampendekezea ile ya Safaa mbele ya watoto, kwa kuwa ilikuwa nzuri zaidi.

"Nipe ile ya kitandani," alisema Ame. "Siku ile sikuwepo."