Kompyuta ya Dhahabu Yakataa Kuamka

Dhahabu alikuwa na duka la kupiga chapa huko Mtongwe, upande wa Likoni. Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya mamavyaa wake, Bi Mwidani. Mlikuwa na meza, printa, na kompyuta aliyoletewa na mumewe Matano, ambaye ni baharia. Watu walikuja kupigiwa chapa kadi za arusi, barua za kazi na matangazo ya maulidi.

Kila Alhamisi jioni Bi Mwidani alifukiza nyumba. Alitia ubani na udi kwenye chetezo, akaanza vyumbani na kumalizia dukani. Hapo alikiweka chetezo chini ya meza, nyuma ya kompyuta.

"Nayo ipate baraka, maskini," alisema. "Yafanya kazi sana."

Moshi uliingia ndani ya mashine. Dhahabu aliona. Nani atamkataza mamavyaa kufukiza nyumba yake mwenyewe?

Asubuhi moja alipita Nyamvula, jirani wa nyumba ya pili. Yeye na Dhahabu walisoma darasa moja. Sasa Nyamvula ni fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Changamwe. Alisimama mlangoni akatazama.

"Shoga, kompyuta nzuri hii! Yaenda mbio kuliko zetu za ofisini!"

Akacheka, akaenda zake. Hakusema mashallah. Kwao Nyamvula ni Wakristo, neno hilo si mazoea yao. Lakini Bi Mwidani alikuwa ukumbini akichambua mchele, na alisikia.

Kesho yake kompyuta iligoma. Dhahabu alibonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikavuma. Kisha, pii! pii! pii! Kioo kikabaki cheusi tii. Akazima, akawasha tena. Pii! pii! pii!

"Si nilijua!" alisema Bi Mwidani. "Imepigwa jicho hiyo. Mtu asifu kitu cha mwenzake, hata mashallah hana!"

"Mama, Nyamvula hana moyo huo."

"Jicho halimngoji mwenyewe, mwanangu. Lapiga hata asipotaka."

Basi dawa ikawa ni kufukiza zaidi. Asubuhi chetezo, jioni chetezo. Mashine haikupona. Sasa hata feni ikaanza kukwaruza.

Nyamvula alipopita na kusalimu, Bi Mwidani aliinamia mchele wake. Siku nyingine Dhahabu naye akajitia hakusikia. Aibu ilimchoma, lakini shaka ilikwisha kumwingia. Je, kama ni kweli? Nyamvula akaacha kupita njia ile. Akawa anazunguka nyuma ya nyumba, kwenye matope.

Wateja wakaanza kwenda kwingine. Hilo lilimuuma Dhahabu. Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa kabatini. Ilikuwa sahani ya Nyamvula, yenye maua ya buluu, iliyoletwa ikiwa na samaki kabla ya ugomvi. Sahani ya jirani hairudi tupu, na hii haikurudi kabisa. Kila akifungua kabati aliiona. Alijua kwamba ikikaa humo siku nyingi zaidi, urafiki wao umekwisha.

Jumamosi alipika mkate wa sinia, akaujaza kwenye sahani ile, akaenda.

Nyamvula alifungua mlango, asiipokee.

"Nilikukosea nini, Dhahabu? Niambie usoni."

Dhahabu akamwambia yote, bila kuficha. Nyamvula akashika kiuno.

"Jicho langu?" alisema. "Kutwa nashinda na kompyuta! Jicho langu lingeua mashine, ofisi yetu ingefungwa zamani." Akaichukua sahani. "Haya, niambie. Yalia vipi?"

Walikwenda pamoja. Bi Mwidani alipowaona alisogeza mchele wake pembeni, awaone vizuri.

"Huanzi kwa bisibisi," Nyamvula alimwambia Dhahabu. "Waanza na vya nje. Plagi imeingia vizuri? Waya wa kioo umekazwa? Umeacha diski mdomoni mwa mashine? Wengi huisahau, kompyuta ikajaribu kuamkia diski hiyo, ikashindwa."

Vyote vilikuwa sawa. Akawasha. Pii! pii! pii!

"Huo mlio ndio maneno yake. Haiwezi kuandika kwenye kioo, basi yalia. Kwa mashine kama hii, mara nyingi huwa ni kumbukumbu, vile vibao vidogo inavyofanyia kazi ikiwa macho."

Akazima, akachomoa waya ukutani. Akagusa kwanza chuma kitupu cha kasha. "Mwili una umeme kidogo. Nautua hapa, nisije nikaunguza vibao."

Akafungua kasha.

Lo! Ndani mlikuwa na weusi kama wa chungu cha kuni. Masizi yalikuwa yameganda kila mahali, na harufu ikajaa chumba. Bi Mwidani aliinuka, akanusa.

"Huu si udi wangu?"

"Ndio wenyewe, mama," alisema Nyamvula. "Feni yavuta hewa ipoze mashine. Haichagui. Ukiipa moshi, yavuta moshi. Masizi yakikutana na unyevu na chumvi ya huku kwetu, yaganda kwenye meno ya vibao. Umeme haupiti."

Alipangusa masizi kwa brashi laini, kavu, huku ameishika feni kwa kidole isizunguke. Akatoa vibao vya kumbukumbu, akampa Dhahabu kimoja.

"Sugua meno haya kwa raba safi, ile ya wanafunzi. Polepole. Usitie maji. Na lile sanduku la umeme pale pembeni usilifungue kamwe, wala kioo. Hata ukishachomoa waya, vyaweza kukuua."

Walirudisha vibao vikakaa imara. Wakafunga kasha, wakawasha.

Pii! Mara moja tu. Maandishi yakatokea kiooni.

"Alhamdulillahi!" Dhahabu alipiga kelele, akamkumbatia shoga yake.

Bi Mwidani aliketi kizingitini. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mwanangu Nyamvula. Dhana nyingine ni dhambi. Nilikuona wewe mbaya, kumbe mbaya ni mimi na chetezo changu. Niwie radhi."

"Yamekwisha, mama. Lakini matope ya nyuma yenu, wallahi, nimeyachoka."

Wote wakacheka, hata Bi Mwidani.

Tangu hapo chetezo hakiingii dukani. Nyumba ikifukizwa, kompyuta huzimwa na kufunikwa, na mlango wa duka hufungwa. Kifuniko huondolewa kabla ya kuwasha, feni ipate hewa. Kazi za wateja Dhahabu huzinakili kwenye diski. Wateja wamerudi.

Asubuhi moja Nyamvula alipita njia ya mbele. Alisimama mlangoni, akaitazama mashine. Akafungua mdomo, akaufumba.

"Mbona wanyamaza?" aliuliza Bi Mwidani, mkono ukiwa kwenye mchele.

"Naogopa, mama."

"Isifu, mwanangu. Isifu utakavyo. Hiyo mashallah nitaitia mimi."