Bei ya Katuni Yenye Masharubu

Marehemu alikuwa amelala chali kati ya rafu mbili za vitabu vya katuni. Kisogo kilikuwa kimepasuka na damu ilikuwa imeganda kwenye kona ya kabati la chuma. Katuni zote zilikuwa za zamani, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa selotepu. Mfuko mmoja tu, uliokuwa juu ya meza, ulikuwa mtupu.

"Mwizi," alisema sajenti.

Inspekta alichuchumaa, akaiangalia meza. Selotepu ya mfuko ule ilikuwa imebanduliwa yote na kubandikwa ukingoni mwa meza, imenyooka. Mwizi gani huyo mwenye adabu kiasi hicho? Wezi aliowazoea yeye walichana plastiki na kutimka.

Mjane alieleza kwamba alirudi kutoka sokoni akamkuta mumewe hivyo. Inspekta alimwuliza kuhusu selotepu.

"Ukiiacha kwenye mfuko inanasa jalada, likichanika umekwisha," alisema mjane. "Alinifokea siku moja mpaka nikalia. Wanaoibandika mezani ni yeye na mdogo wake tu, walifundishana..."

Hapo akaziba mdomo kwa kiganja, maana alikuwa amesikia alichokisema.

Inspekta alipitia kwanza kwa muuza katuni kuukuu, nyuma ya posta, kujua kama iliyoibwa imeletwa sokoni. Haikuwa imeletwa. Ilikuwa toleo la kwanza, na zilibaki nakala mbili tu. Muuzaji alisimulia kwa uchungu wa mtu anayeona biashara yake ikizikwa. Zamani katuni hiyo iliuzwa bei ya soda, na watu wakiisha kuisoma walifungia sukari. Zilipoadimika, wale waliozisoma utotoni wakaanza kuzitafuta, bei ikafika ya baiskeli, kisha ya pikipiki. Sasa wanunuzi hao wanakufa, vijana wana simu zao, na bei inaporomoka.

Nakala ya pili ilikuwa ya mdogo wa marehemu. Mama yao aliwanunulia wote wawili, na kwenye hiyo ya mdogo, mhusika wa jaladani alikuwa amechorwa masharubu kwa kalamu. Mkusanyaji wa kweli asingeitolea hata bei ya soda. Hata hivyo, alikuwepo mteja mmoja aliyeitaka, na kila mwaka alipandisha bei.

"Nani?"

"Aliniapisha nisiseme."

"Haya ni mauaji, mzee."

Muuzaji akamtaja, akaeleza na sababu. Inspekta alitoka pale hana hamu hata ya chai.

Mdogo wa marehemu, fundi saa mzee aliyeachishwa kazi na macho yake, aliishi katika chumba cha kupanga. Sajenti alichokoa majivu ya jikoni, akatoa pini mbili zenye kutu, zile zinazoshikilia kurasa za katuni. Mzee aliziona, akakaa kitandani.

"Kaka alitaka kuipa maktaba ya shule," alisema. "Bure. Watoto waishike na mikono yenye mafuta, waipige picha, dunia nzima iisome kwenye simu. Yangu ingebaki na thamani gani? Nilimwomba, akacheka. Akasema zilitengenezwa zisomwe. Nikamsukuma."

"Alikufa palepale?"

"Alikuwa anapumua. Kidogo."

"Ukabandua selotepu taratibu, ndugu yako anakata roho."

"Mkono umezoea, afande."

Inspekta alizichukua zile pini kutoka kwa sajenti.

"Kwa nini uliichoma? Hukuweza kuiuza?"

"Kila mtu anajua ni ya kaka. Nilitaka ibaki moja tu, yangu. Kuna mteja anaisubiri. Sina pensheni, na macho ndiyo haya. Nilikuwa nangoja afike bei ya nyumba, hata ndogo, nitoke kwenye kupanga."

"Nani aliyachora masharubu?"

"Kaka. Fimbo nikala mimi." Nusura atabasamu.

"Masharubu yanaua bei, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Hukujiuliza ni mteja gani anayeyapandishia bei?"

Mzee alikunja uso, kama anayepiga hesabu.

"Ni kaka yako," alisema inspekta. "Alimwambia muuzaji kwamba mdogo wake hapokei msaada, ila bei atapokea. Ndiyo maana kila ulipokataa, aliongeza. Hakuna mwingine duniani aliyeitaka katuni yako."

Sajenti alitazama sakafu. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, kisha akauliza kwa sauti ndogo kaka yake alikuwa amefikia kiasi gani mwaka huu.

Inspekta alimtajia huku akimfunga pingu. Ilikuwa bei ya nyumba ndogo, na muuzaji alikuwa aje kumpa habari hiyo siku ileile.